Salamu Alizoleta Bhanu kutoka Unguja

Bhanu alirudi kutoka Unguja katikati ya wiki, na Jumamosi asubuhi akapanda treni ya London kutoka Queensbury mpaka Tooting kwenda kwa shoga yake Sheikha. Hakupiga simu kwanza. Alijua anangojwa. Tangu alfajiri Sheikha alikuwa jikoni. Alikwisha kukaanga tambi kwa samli, akazitia tui la kopo, sukari na iliki, akaziacha zikauke taratibu kwenye moto mdogo.

Tambi ndicho kilichokuwa chakula chao tangu utotoni. Walikulia nyumba moja mtaa wa Hurumzi, Unguja mjini, Bhanu na wazee wake ghorofani, Sheikha na wa kwao chini. Baba yake Bhanu alikuwa sonara, Mhindi asiyegusa nyama wala yai, na katika vyote vilivyopikwa chini, tambi za nazi peke yake ndizo alizomruhusu binti yake kula. Kila asubuhi ya Idi Bhanu alishuka ngazi na bakuli lake mkononi.

Baada ya mapinduzi sonara aliihamishia familia yake Uingereza. Sheikha alibaki, akaolewa na Abdulsamad, karani wa posta. Wasichana wale hawakuonana tena mpaka siku moja, wameshakuwa watu wazima, katika soko la Tooting. Bhanu alimsikia mwanamke ananung'unika kwa Kiunguja kwamba mbatata za leo hazifai hata kulisha mbuzi. Akageuka. Walikumbatiana palepale mpaka muuzaji akawaomba wasogee, wanazuia wateja.

Ilichukua muda kabla Sheikha hajamweleza habari ya Zuwena, binti yake.

Mwaka 1968 mtu wa kazini alimnong'oneza Abdulsamad kwamba jina lake linatajwa serikalini. Siku zile aliyetajwa hakukaa kungoja aitwe. Walipata nafasi kwenye mashua ya kutorokea Mombasa, lakini nahodha alikataa katakata watoto wachanga, kwa sababu safari ya nyuma mtoto alilia karibu na boti ya doria na wote wakakamatwa. Zuwena ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Sheikha alimwacha kwa Thuwaiba, dada yake Abdulsamad, ambaye hakujaaliwa kuzaa.

"Miezi michache tu, wifi," alimwambia. "Tukipata pa kukaa tu, tutaleta mtu amchukue."

Kutoka Mombasa wao walifika London, lakini ruhusa ya mtoto kusafiri haikupatikana, mwaka huo wala miaka iliyofuata. Habari kutoka kwa Thuwaiba zilikuja kwa nadra, mtoto hajambo, mtoto anasoma, kisha zikakatika kabisa. Alikuwa amehama Hurumzi, na kila aliyeulizwa hakujua alikohamia. Sheikha alifanya kazi ya kufua nguo hospitalini, hakuzaa tena. Na safari za Unguja zilipokuja kuwa rahisi, Abdulsamad alikuwa ameshapigwa na kiharusi, yuko kitandani, hakubali kulishwa na mkono mwingine ila wa mkewe. Ndiyo maana Bhanu na mumewe Harish walipokata tiketi mwaka huu wa 1993, Sheikha alimshika shoga yake mikono yote miwili.

"Sitaki uniletee karafuu wala kanga," alimwambia. "Nitafutie mwanangu."

Sasa Bhanu alikuwa amekaa mbele yake, koti bado mwilini. Sheikha alimpakulia, akajipakulia na yeye, asiguse.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

Sheikha alijifunika uso kwa ushungi. Alipojifunua alikuwa anatabasamu kama msichana. "Nambie yote. Usiache kitu."

"Nimeuliza mtaa kwa mtaa mpaka nimempata. Yuko Mwembetanga. Anasomesha skuli. Mrefu kama baba yake. Akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, vilevile kama wewe, hata mimi nilishtuka. Ana mume mpole. Ana mtoto wa kike, ndiyo kwanza anatambaa."

"Mjukuu! Bhanu, nna mjukuu mie! Anaitwa nani?"

Bhanu alizigeuzageuza tambi kwa kijiko. "Anaitwa Sheikha."

Sheikha alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. "Kampa jina langu! Na mie miaka yote hii nalala naogopa, nasema mwanangu ananichukia. Kumbe mtoto kampa jina langu!"

"Shoga." Bhanu aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mwenzake. "Kampa jina la marehemu mama yake."

Gari la taka lilikuwa linapita barabarani, likavuma, likaondoka. Sheikha alimtazama Bhanu kama aliyesemeshwa lugha ngeni.

Bhanu akasimulia. Thuwaiba alikuwa bado hai, mzee sasa, macho yameingia ukungu. Alimvuta Bhanu uani kabla Zuwena hajarudi kutoka skuli, akamwambia kwa sauti ya chini. Baada ya Sheikha na Abdulsamad kutoroka, watu walikuja nyumbani kuuliza, wakaja tena. Mtoto alipoanza skuli akaulizwa mbele ya wenzake wazee wake wako wapi. Thuwaiba akaona hakuna jibu la salama ila moja. Akamwambia mtoto kwamba wazee wake walikufa maji. Akahama mtaa, akaacha kuandika, akasoma na hitima majirani waone. Mtoto alilia, akanyamaza, akakua.

"Kila mwaka nilisema nitamwambia," Thuwaiba alimwambia Bhanu. "Kila mwaka ikawa uzito zaidi. Ukimwambia leo, mimi nitakuwa nani kwake?"

"Na wewe ukafanyaje?" Sheikha aliuliza.

"Alipoingia nikasema mimi ni rafiki wa mama yake wa utotoni. Nilikosa nguvu ya kusema zaidi, Sheikha. Alinipikia tambi, kasikia Wahindi wenye dini hawali nyama. Akanikalisha mpaka magharibi anataka kujua mama yake alipenda nini, alivaa nini, alikuwa mkali au mpole. Nikamjibu. Kila nilichomjibu ilibidi niseme 'alikuwa'."

Kutoka chumbani sauti nzito ya Abdulsamad ilisikika, maneno yamelegea kwa ugonjwa. "Sheikha! Bhanu kasemaje? Mtoto yuko?"

Sheikha alisimama. Alijipangusa uso kwa ncha ya kanga, akaenda mpaka mlangoni kwa mumewe.

"Yuko, Abdulsamad. Hajambo. Mwalimu. Ana binti." Aliingia ndani, akamkaribia. "Anakusalimu sana."

Mzee yule alilia kwa furaha, na Sheikha akampangusa, akamgeuza ubavu wa pili. Aliporudi jikoni Bhanu alikuwa amesimama.

"Twende," Bhanu alisema. "Harish ana mpwa wake, atamtazama Abdulsamad wiki mbili. Nitakupeleka mwenyewe. Mwanao hai, na wewe hai, jambo gani hili?"

"Keshanizika, Bhanu. Alinizika akiwa mdogo na uchungu wake ukamwisha. Leo niende nimwambie nini? Kwamba nilikuwa nakaa Tooting? Na yule bibi kipofu nimnyang'anye mtoto aliyemlea, mtoto niliyemwachia mwenyewe?" Akakaa kwa kishindo. "Akisha kufa Thuwaiba, tutaona."

Bhanu alikuwa amekuja na namba ya simu ya duka lililo karibu na nyumba ya Zuwena. Sheikha alikaa nayo wiki nzima. Kisha Ijumaa moja akapiga, akaomba aitiwe Mwalimu Zuwena, akangoja akisikia kuku na redio ya dukani.

"Halo? Nani mwenzangu?"

Sheikha hakuwa amejiandaa kwa uzito wa sauti ile. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima. "Mimi naitwa Jokha," alisema. "Nilikuwa namjua marehemu mama yako."

Tangu hapo alimpigia mara kwa mara. Bibi Jokha wa London akazoeleka Mwembetanga, akaulizwa habari za baridi, akasikilizishwa kelele za mtoto. Abdulsamad alifariki majira ya kuchipua akiamini binti yake anamsalimu kila wiki, na kwa namna fulani ilikuwa kweli, maana Zuwena hakukata simu bila kuwasalimu wa nyumbani kwa Bibi Jokha.

Mwaka wa pili, Zuwena mwenyewe ndiye aliyepiga. Alikuwa analia hata maneno hayatoki.

"Bibi Jokha, mama Thuwaiba katutoka leo asubuhi. Huyu ndiye niliyekuwa naye. Sasa sina mama tena duniani."

Bhanu alikuwepo siku hiyo, kasimama mlangoni, na kwa uso wa mwenzake tu alijua kimetokea nini. Akamwashiria Sheikha kwa mkono: sema, sasa sema. Sheikha alifungua kinywa. Upande wa pili wanawake walikuwa wameanza kilio, na juu ya kilio kile Zuwena alikuwa anaita jina la Thuwaiba, mama, mama yangu, kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Pole, mwanangu," Sheikha alisema, kama mzee yeyote angemwambia kijana yeyote. "Pole sana, mwanangu. Pole, mwanangu."

Alilirudia neno hilo mpaka simu ikakatika, na hakusema jingine.