Mtaimbo Juu ya Paneli ya Masizi

Damu nzito kuliko maji, husema watu, na wengi wao hawajawahi kuiona ikichuruzika puani kwa ngumi ya ndugu. Binti aliyekuja kuitwa Masizi aliiona tangu utotoni. Nyumbani kwao maneno yalikuwa haba na makofi tele. Baba yao alikuwa na mkanda, Mungu amsamehe maana mimi bado, na kila ulipofunguliwa, kaka yake alijitupa mbele akala mapigo ya wote wawili.

Kaka huyohuyo ndiye aliyemtafutia kazi kwenye kiwanda cha paneli za sola. Yeye alikuwa fundi wa tanuri linalovika vioo utando wa madini adimu. Uso wa paneli una kazi mbili zinazogombana: upitishe mwanga kama dirisha, na papo hapo ubebe umeme kama waya. Utando wa tanuri uliziweza zote mbili, ila ulikuwa ghali, na ukipinda kidogo tu ulipasuka.

Ndipo mhandisi mkuu akaja na wino mweusi. Ndani yake mlikuwa na vijibomba vya kaboni, vyembamba hata unywele ukiwekwa kando yake huonekana gogo. Dada mtu akapewa kipulizio, awe anapuliza wino huo juu ya karatasi ya plastiki yenye joto. Akizidisha, umeme unapita lakini mwanga unakwama. Akipunguza, mwanga unapita, umeme haupiti. Mkono wake wa kulia ukaujua wastani huo kama mkono wa mpishi unavyojua chumvi. Alirudi nyumbani kucha nyeusi, wakambandika jina la Masizi, na mama yake akawa anamtania, "Wewe utakuja kuolewa na gunia la mkaa."

Siku ya wenye kiwanda kuja kujionea ilipokaribia, habari zilienea kwamba wino ukifaulu, matanuri yatazimwa. Kaka akamkuta jikoni kwa mama, wakila.

"Kesho puliza mzito," akasema. "Ushindwe. Basi."

"Siwezi, kaka. Ndiyo kazi yangu."

"Na hiyo kazi nani alikupa?"

"Wewe. Lakini siwezi."

"Fadhila za punda ni mateke," akasema, na sahani ikaenda kupasukia ukutani. Mama akaokota vigae. Alikuwa mzoefu.

Kesho yake, wageni wakiwa bado ofisini wanakunywa chai, mlango wa chumba cha majaribio alimokuwa Masizi ulipigwa teke. Wanaume wa matanuri wakaingia, kaka mbele, mtaimbo mkononi. Mlinzi alijaribu kuwazuia, akapigwa kichwa cha pua, akakaa chini akitema damu. Wakavunja vioo, wakavunja mitambo, wakavunja chupa za wino. Sakafu ikawa nyeusi, watu wakateleza na kuangukia vipande vya chupa, na kila aliyekatwa alizidi kuwa mkali.

Mezani palikuwa na paneli ya majaribio, laini, taa imewashwa juu yake, na umeme wake ukizungusha kifeni kidogo. Kaka akaishushia mtaimbo. Plastiki ikabonyea, kifeni kikasita, kisha kikaendelea kuzunguka. Akapiga tena. Kikazunguka. Mtu aliyeishi na utando unaopasuka hata akikohoa karibu nao hawezi kulivumilia jambo kama hilo. Mwenzake mmoja akacheka, mpumbavu yule, na kicheko chake ndicho kilichoharibu kila kitu. Kaka alipandwa na mori, akaiacha paneli, akamgeukia dada yake.

"Leta mkono."

Masizi alidhani anatishwa tu. Huyu si ndiye aliyekula mikanda kwa ajili yake? Hata hakukimbia. Kaka akamkamata mkono wa kulia, akaubana juu ya meza, mtaimbo ukashuka. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Akapiga tena, palepale, huku machozi na kamasi vikimtiririka kama mtoto. Wenzake ndio waliomvuta.

Hospitalini, mama alikaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la supu.

"Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe," akanong'ona mama, polisi akiingia. "Sema ulianguka, mwanangu."

Masizi alitazama vidole vilivyochungulia kwenye bandeji, vimevimba, havimtii. Daktari alikwisha kumwambia kwamba havitashika tena kipulizio. Alimpenda kaka yake, na alimchukia, na vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja.

"Nani alikupiga?" polisi akauliza.

"Kaka yangu," akasema, na akamtaja kwa jina lake la kuzaliwa, polepole, ili liandikwe sawasawa.

Polisi alipoondoka, mama aliinuka, bakuli likiwa bado mkono wa kushoto, akamzaba kofi lililomgeuza uso mpaka ukutani. Kisha akamfuta supu iliyomrukia shavuni, na kwa kuwa binti hakuweza kushika kijiko, akaketi tena, akaanza kumlisha.