Kikapu Kilichofunikwa Majani

Juzi nilipita Nanganga nikawaona wanawake wakiuza uyoga kando ya barabara, vikapu vimefunikwa majani mabichi usipigwe na jua. Harufu ile ya udongo uliolowa ilinirudisha kwa bibi yangu.

Ilikuwa njaa ya baada ya vita vya Wadachi. Mama alikuwa amejifungua na maziwa hayatoki. Mvua ziliposhika, bibi alinichukua twende kwenye miyombo alikookota uyoga tangu usichana wake. Tukakuta miyombo haipo. Tulipokuwa tumekimbia vita, Wadachi waliifyeka wakapanda misaji, miti yao ya mbao, mistari imenyooka, chini peupe kama uwanja uliofagiwa. Mimi nilifurahi. Nilidhani wametusafishia ili uyoga tuuone upesi.

Tulizunguka mpaka jua likageuka. Hata nyuki hatukumsikia, ila matone yakidondoka juu ya majani mapana.

“Bibi, uyoga umejificha?”

“Uyoga unakaa na myombo, mjukuu wangu. Mti huu hauujui.”

Kisha akachuma majani, akayapanga kikapuni, akajitwika, akatembea polepole kama aliyebeba mzigo. Leo najua aliona aibu kupita kwa majirani na kikapu kitupu. Siku ile nilidhani chini ya majani mna uyoga. Nilitangulia mbio nikamwambia mama ateleke chungu, naye akateleka.

Maji yalikuwa yanachemka bibi alipotua kikapu mlangoni. Mama alifunua majani, akatazama, akayarudisha taratibu, kama anayemfunika mtoto.