Vijana niliowafokea bure

Leo nimewafokea watu tulio nao upande mmoja, tena hadharani.

Mkutano wa kijiji, hapa Ikungi. Hoja ilikuwa kupiga marufuku sigara za kielektroniki zenye ladha ya pipi kwenye maduka ya karibu na shule. Nikaona vijana wamejaa mbele, nikajua wamekuja kupinga.

Nikasimama. Nikawaita watumwa wa moshi!

Hakuna aliyenikatiza. Mkubwa hakatizwi, jamani.

Nilipokaa, binti mmoja akainuka.

"Shikamoo, baba. Hoja hii tumeileta sisi. Ikipita, tunaomba ukawaambie wenye maduka hivyohivyo."

Watu wakaangua kicheko. Nikakubali kwa sauti kubwa. Hoja ikapita.

Sasa ndiyo nakumbuka: duka la kwanza ni la mama mkwe wangu.

Nani ananisindikiza?