Karatasi Iliyofukiza Nyuki

Baba yangu alichoma ushahidi wake wa vita kwa ajili ya asali. Alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo, akarudi Itigi na goti bovu na karatasi moja yenye muhuri. Siku moja, huko porini kwenye mizinga yake, mwenge wa kufukizia nyuki ukagoma kuwaka. Akapekua mfukoni, akaipata karatasi, akawashia. Asali ya mwaka ule, anasema, ilikuwa tamu kweli.

Nimekua nikiicheka hadithi hiyo. Lakini kila ilipofika siku ya kuwakumbuka mashujaa, wazee waliopigana wakiitwa viti vya mbele, baba alibaki nyuma amesimama na sisi. "Sina karatasi," alikuwa akisema, mzaha wote umemtoka. Niliona uchungu, na hasira juu yake, maana kosa ni lake mwenyewe na wa kumlaumu mwingine sina.

Baadaye nilikwenda ng'ambo, nikapata kazi ya kuhudumia wazee katika mji wenye baridi isiyo na adabu. Mzee wangu wa kwanza alikuwa mkimbizi kutoka Laos, nchi ya Asia ambayo, nakiri, sikuwahi kuisikia. Siku ya kwanza ulimi ulinitangulia: "Shikamoo." Akataka kujua maana yake na namna ya kuitikia. Tangu hapo kila asubuhi alinirushia "Marahaba" kabla sijalimaliza neno lenyewe.

Alikuwa askari tangu umri ambao kwetu mtoto anachunga mbuzi. Upande wake uliposhindwa, alichoma karatasi zake zote kando ya mto wa mpakani, maana kukamatwa nazo kulikuwa kifo. Kisha akavuka na mkewe juu ya mianzi iliyofungwa pamoja. Ugenini alifanya kazi ya kukata nyama kiwandani miaka mingi. Majirani hawakujua kwamba aliwahi kushika bunduki, tena kwa kusaidia jeshi la nchi yao hiyohiyo. Wenzake waliokufa hawakutajwa popote, na hilo ndilo lililomuuma.

Nikiwa naye, mji ule ukaamua kuwasimamishia askari hao wa Laos jiwe la kumbukumbu. Wasio na karatasi waliambiwa walete wenzao wawili wa kuwashuhudia ili watambuliwe, na mzee wangu akawapata wake. Siku ya kulizindua nilimpigia pasi shati lake mara mbili, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mbele kabisa. Akina mama wa Kilao wakatufunga nyuzi nyeupe mikononi, mimi pia, za kututakia heri. Mzee alilia bila kujificha. Nami nililia, nikimwaza mtu mwingine.

Niliporudi Itigi nilimsimulia baba yote hayo tukichuja asali uani. Alifunika ndoo. Kisha akauliza, "Mashahidi wawili tu, mama?"

Kesho yake akapanda basi la Mitundu, anakoishi mwenzake wa kikosi kimoja, na huyo akamtafuta wa pili. Wazee hao watatu waliingia ofisi ya kata wakibishana ni nani hasa aliyepoteza sufuria ya kikosi. Mtendaji aliusikiliza ubishi ule hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Karatasi yenye muhuri unawashia nyuki, mzee wangu? Haya, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Akaandika jina.

Mwaka huu baba alikaa mbele. Nilimtazama amelinyoosha goti lake bovu juani, nikafurahi mpaka nikasikia njaa.

Jioni aliniomba nimpigie mzee wangu wa ng'ambo simu ya picha. Huko aliko ilikuwa asubuhi. Baba ndiye mkubwa kwa umri mtaani kwetu. Miaka mingi nimemsikia akiitikia shikamoo za watu, sijamsikia akitoa yake.

"Amenizidi umri?" akaninong'oneza.

"Kama miaka sita."

Akavua kofia, akainama kidogo mbele ya simu.

"Shikamoo, kaka."

Nilifungua mdomo nitafsiri, lakini mzee hakunisubiri.

"Marahaba," akaitikia.