Shokapu Mbili za Nyuma

Jana nilikwenda Mlandege kununua uzi, na mbele ya duka la spea kijana mmoja alikuwa akifungua boksi la shokapu mpya. Ile harufu ya mpira na mafuta mazito ikanisimamisha njiani. "Wewe, unafunga njia," mtu akaniambia. Nikaona haya, kama kawaida yangu, nikaondoka. Lakini harufu nilirudi nayo mpaka nyumbani Chukwani.

Mara ya kwanza kuinusa nilikuwa na miaka saba. Baba alikuwa na gari ya spoti, nyekundu, milango miwili, imelala chini kama kasa. Shokapu zake zilikwisha, na kila tuta la barabarani lilitufanya sote tuseme "bismillahi" kwa pamoja. Baba hakutaka gereji. Alinunua nne mpya, akainyanyua gari uani kwetu, akafunga mbili za mbele huku Mama akimpa spana. Za nyuma alisema atamalizia Ijumaa. Ijumaa haikumkuta, Mungu amrehemu.

Mama akaingia eda. Mnajua wenyewe mambo ya eda: hatoki, hajipambi, hatii hina wala rangi nyeusi ya piko, hafukizi udi. Gari ikabaki uani, nyuma imeegeshwa juu ya magogo. Wiki chache baadaye Ami Saidi, mdogo wake Baba, alikuja akasimama nyuma ya pazia.

"Shemeji, nshaongea na gereji. Jumamosi wanakuja kuivuta. Watazifungua zote nne, waanze upya, wafanye kazi ya uhakika."

"Usiwasumbue," Mama alisema.

"Si usumbufu, ndiyo kazi yao."

Alasiri ile ile Mama alifunga mlango wa uani, akavaa suruali ya kazi ya Baba chini ya dera, akajilaza chini ya gari. Mama huyu niliyemjua mimi alikuwa akimkimbia mjusi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikimtazama. Chumvi ya bahari ilikuwa imezishika nati kwa kutu. Alizitia mafuta, akasubiri, akarudi, akaikanyaga spana kwa uzito wake wote. Nati ikalia kama mlango mkongwe, ikakubali. Niliona kama vile amemwamuru jini na jini katii.

Moja ilikuwa imeshafungwa alipokuja Bibi Rukia, shangazi yake Baba, pamoja na kina mama wengine kumtazama mfiwa. Mama alikuwa amejisugua kwa sabuni na mchanga, lakini kucha zilikataa kutakata, zikabaki nyeusi. Bibi Rukia akaushika ule mkono, akaugeuza.

"We Zuhura. Kijana wangu hata udongo wake haujakauka, nawe ushatia piko?"

"Njoo, shangazi," Mama alisema, akamwongoza mpaka uani.

Bibi Rukia aliitazama gari, akaitazama shokapu iliyobaki sakafuni, kisha akavinusa vidole vya Mama.

"Grisi," alisema. Akaja kukaa kwenye ndoo yangu, bila hata kuniomba. "Haya, malizia. Nami nataka kuona."

Na aliona. "Kaza, bibi, hujala leo?" alikuwa akimwambia Mama. Walipoishusha gari, Mama aliibonyeza nyuma kwa mikono miwili. Ikazama, ikapanda mara moja, ikatulia. Wale kina mama waliokuwa wakichungulia mlangoni wakavuta pumzi kama mtu mmoja.

Jumamosi watu wa gereji walipopiga honi, Bibi Rukia ndiye aliyetoka.

"Rudini. Ishamalizwa."

"Nani kamaliza, bibi?"

"Wenyewe."

Kwa miaka mingi nilidhani Mama alikwepa gharama tu, au alitaka kumwonesha Ami kwamba anaweza. Sasa zile shokapu za mbele zimeanza kuvuja mafuta, na gari inainama puani kila tukifunga breki. Ami anasema zibadilishwe. Mimi mwenyewe nilimwambia Mama juzi kwamba fundi atazitoa kwa nusu saa.

Mama aliinama, akaipapasa ile nati ya mbele kwa kidole, pole pole, bila kuigeuza.

"Bado," alisema.

Nami sikumwita fundi, kwa sababu safari hii nilijua nani aliikaza.