Baba yangu aliuliza tu kama ninajua kupika

Kisa hiki tumekipokea inbox kutoka kwa dada mmoja wa Lubumbashi. Majina yote tumeyaondoa. Msomeni na mumjibu kwa heshima, yeye mwenyewe anasoma.

Admin, asante kwa kunificha. Niko na miaka ishirini na sita, sijaolewa, naishi na mama yangu mtaa wa Kampemba. Mama ni Mukasai, mwenye asili ya Kasai, mtu wa kanisa, anauza vitenge. Ukiniona njiani utajua mara moja kwamba damu yangu imechanganyika. Baba yangu ni mfanyabiashara wa Kihindi, yuko hapa hapa mjini. Mama alikuwa mpishi wake kule mtaa wa Golf kabla mke wake hajafika kutoka India. Mimba ilipoonekana, baba akamhamishia kwenye nyumba ndogo ya Kampemba, ambayo mpaka leo iko kwa jina la baba. Hakuja kutuona hata siku moja.

Mimi nimekulia kwenye dengu. Majirani wanakula bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo; sisi tukitoka kanisani mama anachemsha dengu nyekundu pamoja na bizari ya manjano mpaka zivunjike, anapasha mafuta pembeni, anatia jira, kitunguu saumu na pilipili kavu, na yakianza kulia anayamwaga juu. Mwishoni anaweka ukwaju na sukari kidogo. Siku nyingine anaongeza biringanya, au kabichi na viazi. Nikikosea kipimo ananipiga mkononi kwa mwiko. "Hapana hivyo. Fanya vile nilikuonyeshaka." Nilidhani anapenda tu chakula kizuri.

Nilimaliza masomo, kazi ikakosekana. Ndipo mama akanipeleka kwenye duka la baba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama mbele yake. Mama akasema, "Patron, huyu njo mutoto wako. Anatafuta kazi."

Hakuinuka kwenye kiti. Alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni, kisha akamuuliza mama, siyo mimi, "Anajua kupika?"

Nilingoja mama anishike mkono tuondoke. Akajibu, "Anajua sana."

Hivyo nikawa mpishi katika nyumba ya baba yangu. Siku naanza alinisimamisha karibu na garage. "Hapa miye niko Patron. Ukiniita jina lingine, weye na mama yako mutatoka mu ile nyumba ya Kampemba." Nikasema ndiyo, Patron.

Siku hiyo nilipika dengu kama za nyumbani. Mke wake, Madame, akaonja, akaweka kijiko chini, akaniita. "Nani alikufundishaka hii?"

"Mama yangu, Madame."

"Belle-mère wangu, mama ya Patron, peke yake njo alipikaka hivi, na ukwaju na sukari." Akamtazama mume wake.

Patron aliendelea kukata chapati. "Bapishi babo bote banapitaka mu nyumba za Bahindi. Banaiga tu."

Baadaye Patron akaja jikoni, akafunga mlango, akachukua sufuria na kuimwaga yote kwenye sinki. Dengu za moto zikaniunguza mkono. "Kesho utapika mubaya," akasema. Nilifikiri sikusikia vizuri. "Mubaya. Unguza, weka chumvi mingi. Kila siku."

Kesho yake nikaunguza. Nikachemsha mboga mpaka zikawa uji. Kulikuwa na wageni mezani. Patron akaonja, akacheka, akasukuma sahani kwangu. "Kula weye mwenyewe, tuone." Nilikula nimesimama, mbele yao wote. Binti yao, ambaye ni mdogo wangu na hajui, akatoa simu akanipiga video. Baba ndiye peke yake aliyejua kwa nini chakula kilikuwa kibaya, na ndiye aliyecheka kuliko wote. Tangu siku hiyo kila mgeni akija, mchezo ni huo. Madame tu hakucheka. Yeye ndiye aliyenipaka dawa mkononi.

Nyumbani nilimweleza mama yote nikilia. Hakuuliza juu ya mkono. Aliuliza, "Madame alisema nini juu ya dengu?" Kisha akaniambia nisiache kazi.

Wiki hii Patron amesafiri kwenda Kolwezi. Madame akaja jikoni, akavuta kiti, akasema, "Nipikie tena ile ya siku ya kwanza." Nikapika. Akala yote. Halafu akashika kidevu changu, akageuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akanitazama muda mrefu.

"Dimanche nitakuya kwenu," akasema, yaani Jumapili. "Nataka kula kwa mama yako."

Nilikimbia kumwambia mama, nikijua ataogopa kwa sababu ya nyumba. Mama alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka namna ile. "Muache akuye. Ile dengu ni ya mama ya Patron, yeye mwenyewe njo alinifundishaka. Juu ya hii njo nilikutumaka kule."

"Mama, na nyumba? Batatufukuza."

"Batufukuze. Weye utamupakulia. Akule, ajue nani alikuwa wa kwanza kwa bwana yake."

Nikamuuliza kama miaka yote ile ya kunifundisha, na kunipiga, ilikuwa kwa ajili ya siku hii. Aliniambia niende sokoni kutafuta ukwaju.

Ndugu zangu, nikimwonya Madame, nimemuuza mama aliyenizaa. Nikinyamaza, mwanamke pekee aliyenionea huruma ataaibishwa mezani, kwa mikono yangu mimi, na baba akirudi tutalala nje. Nikikimbia, sijui pa kwenda. Jumapili imekaribia. Niambieni nishike njia gani, maana nyumbani sina tena wa kumuuliza.