Neno Tasa katika Nyumba ya Mjane

Kuthibitisha kwamba namba ni tasa ni kazi ya kushuku. Unaidhania kuwa imeficha kigawanyo, kisha unaihoji mpaka uishiwe maswali. Katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa mwalimu kijana Tarime, niliishuku hivyo namba 10,007. Sikuhitaji kuijaribu kwa vigawanyo vinavyozidi mia moja: mia na moja mara mia na moja ni zaidi yake, kwa hiyo kama ingegawanyika, kigawanyo kimoja kingekuwa chini ya hapo. Tena zilitosha tasa peke yake, tangu mbili hadi tisini na saba.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mjane asiyejaliwa mtoto. Kwa desturi ya Wakurya iitwayo nyumba ntobhu, alikuwa akitaka kutoa ng'ombe amwoe binti atakayemzalia watoto wa nyumba yake. Alasiri moja baba wa binti alikuja kuukagua mji wa mjane kabla ya kutoa neno lake la mwisho. Akaketi nje na mjane, chini ya dirisha langu, nami sikujua. Nikagawanya kwa tisini na saba, ikabaki kumi na sita, nami nikasema kwa sauti: "Ni tasa. Hakuna shaka tena, ni tasa."

Mazungumzo ya nje yakakatika. Nilipotoka nilimwamkia mzee shikamoo, hakuitikia. Aliuliza ni nani aliyenituma kumtangaza mama huyu. Nikaeleza kwamba nilisema habari za namba. Akataka kujua kama serikali inanilipa mshahara nitafute namba zisizozaa.

Mjane alicheka kidogo, lakini macho yake hayakumwacha mgeni. "Mwalimu, hebu mwambie. Hiyo tasa yako ina kazi gani?"

"Mama, namba nyingine zote zimetoka kwake na kwa wenzake. Sita ni mbili mara tatu. Kumi na tano ni tatu mara tano. Ukiacha moja, huwezi kunitajia namba ambayo si tasa yenyewe wala haikuzaliwa na tasa."

Mzee akauliza, "Mbona basi mnaziita tasa?"

Nilijibu kwamba ndivyo nilivyofundishwa chuoni.

"Anayempa mzazi jina la tasa ana jambo lake," akasema, akachukua fimbo yake akaondoka bila kuonja uji aliokuwa amewekewa.

Kwa majuma kadhaa mjane hakunisemesha ila kwa salamu. Jibu lilipokuja lilikuwa jema: binti angeletwa baada ya mavuno. Alinipa habari hiyo akiwa amesimama mlangoni kwangu, na papo hapo akaniomba nitafute chumba kwingine kabla bibi arusi hajaingia. Nikamuuliza kama hakuyaelewa maelezo yangu.

"Nimeyaelewa, Mwalimu. Lakini binti akichelewa kushika mimba, baba yake ataikumbuka sauti yako. Nami sitaki akukute hapa."

Nikahamia upande wa pili wa soko. Mtoto wa kwanza wa nyumba ile alipozaliwa, niliona si vyema kwenda kumtazama.